Acheni kuchora kuta za kale

Jamani, nyie mnaochora majina yenu kwenye kuta za kale, mnatafuta nini hasa?

Jumapili jioni hapa Kigoma nilishuka Ziwa Tanganyika na kamera, saa kumi na moja na nusu, jua likielekea milima ya Kongo. Huo ndio muda wenyewe. Mwanga unalainika, na mitumbwi ya wavuvi wa dagaa inaanza kutoka na taa zao. Kuna ukuta mmoja wa zamani ninaoupenda sana, chokaa imebanduka hadi mawe yanaonekana. Naweka jicho kwenye kamera, naona moyo. Umechorwa kwa msumari, herufi mbili ndani, mshale katikati, na namba ya simu chini yake! Unga wa chokaa bado umelala pale chini. Nikasogea kushoto, nikasogea kulia, moyo umo tu.

Na huu ni mji uliobeba mambo. Ujiji hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, mwaka 1871. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914. Meli ya Liemba, ya hapa ziwani, waliizamisha Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Meli imetolewa chini ya maji ikapona, halafu ukuta ulio nchi kavu umalizwe na msumari? Inaniuma kweli.

Kama unampenda mwenzio, mwambie. Mpeleke akale mgebuka wa kukaanga, mkae mtazame ziwa. Ule ukuta haurudishiki.