Bibi Titi Hakuwa Mtumbuizaji wa TANU

Katika maadhimisho ya Siku ya Wanawake hapa Lindi, mshereheshaji alimtaja Bibi Titi Mohamed kwa sentensi moja tu, kwamba alikuwa mwimbaji hodari aliyechangamsha mikutano ya TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Kisha kikaitwa kikundi cha ngoma, akina mama wakacheza, wakatunzwa noti mbili tatu, na meza kuu ikarejea kwenye maji yake ya chupa. Hasira yangu haijapoa hadi leo.

Ni kweli aliimba; aliongoza kundi la lelemama la Bomba huko Dar es Salaam. Lakini anayedhani kwamba ngoma ya wanawake wa pwani ni burudani tupu hajapata kuishi Lindi wala Mikindani. Kundi la ngoma lina kiongozi wake, lina sare na michango, linamwandama mwenzao asiyefika msibani, na habari yake huzunguka nyua zote kabla mjumbe wa mtaa hajavaa viatu. Mwaka 1955, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipowauliza viongozi wa TANU wanawake wako wapi, waheshimiwa hao hawakuwa na mtu wa kumwonyesha. Bibi Titi, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 30, aliwaendea viongozi wa makundi ya ngoma, akazungumza nao kwa lugha waliyoizoea, na baada ya miezi michache tu maelfu ya wanawake walikuwa na kadi za chama. Ningependa kumwona mtaalamu wa semina za siku hizi, pamoja na posho zake, akifanya hivyo.

Na hao walioingia chamani hawakuwa na kura. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Na akishapita hapo, alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja. Mwanamke gani wa Mchinga, aliyeondolewa shuleni alipovunja ungo, angepenya hapo? Bibi Titi mwenyewe alisoma miaka minne tu, akawekwa ndani kama mwari, akaozwa akiwa na miaka 14. Kwa kigezo cha elimu asingeruhusiwa kupiga kura, yeye aliyekuwa akizunguka nchi kuwahimiza watu waidai nchi yao. Masharti yalilegezwa mwaka 1960, ikatosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha pauni 75 kwa mwaka.

Wapo watakaonikumbusha kwamba baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, lililowakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, aliacha uongozi kuliko kuachana na nyumba zake. Sawa, nakubali, wala simpigii makofi kwa hilo, ingawa naona ajabu kwamba nyumba zake zinakumbukwa vizuri kuliko kazi yake.

Kuhusu kesi ya uhaini ya 1970, kifungo cha maisha na msamaha wa Mwalimu mwaka 1972, jukwaani hakuna anayethubutu. Wasomaji wa risala huruka kutoka Uhuru wa 1961 moja kwa moja hadi kifo chake mwaka 2000, kana kwamba katika miaka hiyo yote mama huyu alikuwa amelala.