Miwani ya VR ya bei mbaya: hata ikishuka bei, nani ataivaa kila siku?

Apple walitangaza Vision Pro, hedseti (miwani mikubwa inayofunika macho na kukuonyesha picha za kompyuta kama vile uko ndani yake, ndiyo hiyo VR), Juni 2023, wakaanza kuiuza Marekani Februari 2024 kwa dola 3,499, na hapo hapo watu wakasema hii haitauzika, nani atoe zaidi ya milioni 8 za Tanzania (ukiwa Nairobi ni kama KSh 450,000) kwa kitu cha kuvaa usoni, na hapo hujahesabu kodi wala usafiri. Tim Cook, bosi wa Apple wakati huo, mwenyewe hakubisha. Oktoba 2024 aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba kwa bei hiyo sio bidhaa ya watu wote, ni ya wale wanaotaka teknolojia ya kesho waipate leo. Mwaka mmoja baadaye wakatoa toleo lenye chipu mpya ya M5 na bei ikabaki ile ile.

Tangu hapo kila anayebishana kuhusu hizi hedseti anabishana kuhusu bei tu, na mi naona bei ni nusu ya shida, tena ile nusu rahisi.

Tuwasikilize kwanza wanaosema zitaenea, maana hoja yao sio ya kitoto. Motorola DynaTAC, simu ya kwanza ya mkononi kuuzwa madukani, mwaka 1983 ilikuwa dola 3,995, nzito karibu gramu 800, unaongea nusu saa tu chaji imeisha, kisha unasubiri kama saa 10 ijae. Wakati ule ungesema iko siku muuza nyanya wa Kariakoo atakuwa na simu mbili mfukoni wangekuona umechanganyikiwa. Sasa Vision Pro ya kwanza ina gramu 600 hadi 650 bila betri, betri yake inaning'inia kwa waya na inakaa kama saa 2, kwahiyo kwa chaji iko mbele ya ile simu. Vioo vinazidi kuwa vizuri, chipu zinazidi kuwa ndogo, bei ya vitu hivi huwa inashuka. Yote hayo nakubali.

Lakini ile simu ilikuwa na kitu ambacho hedseti haina. Kuongea na mtu aliye mbali ilikuwa ni shida ya kila mtu tayari, halafu yule wa upande wa pili hakuhitaji kununua DynaTAC, simu yoyote ya mezani ilitosha, yaani siku ya kwanza tu unaitoa kwenye boksi ina watu wa kuwapigia. Kwenye Vision Pro unaweza kumwona mwenzio kama vile amekaa nawe chumbani, na wanaoijaribu wengi wanaisifia sana, ila ili muonane hivyo lazima na yeye awe nayo. Dada yuko Muscat, mama yuko Tanga, hizo ni hedseti mbili. WhatsApp ilituingia kwa nguvu kwa sababu kasimu ka bei ndogo kanatosha kumwona mjukuu.

Kuhusu bei, Meta, wenye Facebook, walishatufanyia jaribio kwa hela yao. Oktoba 2020 walitoa hedseti ya Quest 2 kwa dola 299, haihitaji kompyuta, haina waya, unaivaa unacheza. Na iliuzika kweli, mapema 2023 iliripotiwa kwamba viongozi wa Meta waliwaambia wafanyakazi wao kwenye kikao kuwa Quest za aina zote zilizouzwa zinakaribia milioni 20. Sio kidogo hata kidogo. Shida ni kwamba kwenye kikao hicho hicho walikiri kuwa wanunuzi wapya wanaitumia kidogo kuliko wale wa mwanzo. Mtu ananunua, wiki mbili anacheza gemu la Beat Saber na kualika marafiki, baadae inaingia kabatini. Kitengo chao cha Reality Labs, ambacho kinashika VR pamoja na miwani mingine na utafiti wote, kilipata hasara ya dola bilioni 13.7 mwaka 2022, 16.1 mwaka 2023, na 17.7 mwaka 2024. Kwahiyo bei ilishushwa, watu wakanunua, na bado tabia ya kuivaa kila siku haikuja. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo, sio ngapi zimetoka dukani.

Kwanini inaingia kabatini? Sababu nyingine ni za mwili kabisa. Macho yanaona unakimbia, sikio la ndani linajua umesimama, ubongo unachanganyikiwa na wengine wanapata kichefuchefu ndani ya dakika chache. Anayevaa miwani ya macho, Apple wanamuuzia lenzi za Zeiss pembeni kwa hela nyingine. Halafu kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hawaligusi, ile mikanda ya kichwani. Mwenye rasta nene, mwenye afro, mwenye kilemba, dada aliyefunga ushungi wake vizuri asubuhi, kila mmoja anatakiwa ahangaike au aharibu kichwa chake ili aivae nusu saa. Unaongelea soko la watu wote wakati watu wengi hivi wanaanza na usumbufu huo, kweli?

Sababu nyingine ni watu waliopo chumbani, na hii naona ndio nzito kuliko zote. Huku kwetu vijana wengi walijua PlayStation kwenye banda, unalipa gemu moja, mnakaa wawili kwenye benchi, nyuma kuna watu kumi wanapiga kelele na kila mmoja ni kocha. Konsoli yenyewe ilikuwa ghali mno kwa kijana wa mtaani na bado ilienea, kwa sababu mtu mmoja alinunua na mtaa mzima ukacheza. Ukileta hedseti kwenye lile banda mmoja anacheza na wengine wanamtazama anavyorusha mikono. Ndio, picha unaweza kuirusha kwenye TV, lakini mpinzani wako hakai pembeni yako, na jasho la uso wa aliyetangulia unalikuta kwenye sponji. Kwa nyumba ya mtu anayeishi peke yake sawa, kwa sebule yenye watu sita sioni.

Hata hivyo siwezi kusema VR imekufa, maana pale ambapo kuna kazi maalum inafanya vizuri. Walmart, wenye maduka makubwa Marekani, mwaka 2018 walisambaza hedseti 17,000 kwenye maduka yao kufundishia wafanyakazi, na kuna madaktari wa upasuaji na marubani wanafanyia mazoezi vitu ambavyo ukikosea kwenye uhalisia mtu anakufa. Hapo dola 3,500 sio hela, kampuni inalipa bila kulalamika. Pia kuna watoto. Gemu la VR la Gorilla Tag limejaa watoto wanaokutana humo kama uwanjani, na Meta mwaka 2023 walishusha umri wa kuruhusiwa hadi miaka 10 kwa akaunti zinazosimamiwa na mzazi. Kama kizazi hicho kitakua bila kuiacha, basi wanaoamini wataonekana walikuwa sahihi, na hii ndiyo hoja yao ninayoiheshimu kuliko ile ya DynaTAC.

Wengine wanasema itakopeshwa, lipa mdogo mdogo kama zinavyokopeshwa simujanja. Sawa, ila mtu anakopea simu kwa sababu M-Pesa iko humo, wateja wako humo, na pikipiki anaikopea kwa sababu kesho inaleta hesabu. Hedseti inamrudishia nini cha kulipia deni?

Halafu wakati tunabishana, miwani ya kawaida kabisa imeanza kupita pembeni. Ray-Ban Meta zilizotoka Oktoba 2023 kwa dola 299 zina kamera, spika na maikrofoni, hazina hata kioo cha kuonyesha picha, na kufikia mapema 2025 watengenezaji wake walisema zimeuzwa milioni 2. Hazikufungii dunia, hakuna anayekuuliza umevaa nini, nywele zako zinabaki salama.

Oktoba 2025 Samsung nao waliingia na Galaxy XR kwa dola 1,799, karibu nusu ya bei ya Apple, apu za Android zimejaa humo tayari. Kwa wale waliokuwa wanasema tatizo ni bei ya Apple, jibu lao liko hapo, na mimi nitaangalia ni wangapi watakuwa bado wanaiwasha miezi sita baada ya kuinunua.