Graviti kwenye upana wa unywele: tuendelee kupima au inatosha?

Kuna swali naulizwa kila nikiongelea majaribio ya kupima graviti kati ya vitu vilivyo karibu mno, si wameshapima wakakuta Newton yuko sahihi, kwamba mvutano unapungua kwa mraba wa umbali, sasa wanatafuta nini tena? Swali la haki kabisa, tuliangalie.

Mwaka 1998 wanafizikia Arkani-Hamed, Dimopoulos na Dvali walisema huenda graviti ni dhaifu kwa sababu inavujia kwenye dimensheni nyingine tusizoziona, na zikiwa mbili zinaweza kufika ukubwa wa karibu milimita moja, yaani vitu vikikaribiana chini ya hapo graviti ingezidi hesabu ya Newton. Watu waligutuka, maana chini ya milimita hakuna aliyekuwa ameipima vizuri. Kundi la Eöt-Wash pale Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, likaingia kazini. Yaani kisahani kinaning'inia kwenye uzi mwembamba wa tungsten, chini yake kingine kinazunguka polepole, na wewe unasubiri kile cha juu kijisokote kidogo mno, mwanga unaodunda kwenye kioo ndo unakuonyesha. Katikati wamewamba utando wa chuma kama ngozi ya ngoma, unene mikromita 10 (mikromita elfu moja ndo milimita moja), ili umeme tuli usije ukajifanya graviti. Mwaka 2020 wakafika umbali wa mikromita 52 kati ya visahani, pembamba kuliko unywele wa wengi wetu, Newton hakutikisika, na dimensheni ya ziada kama ipo basi haifiki mikromita 30.

Wanaopinga wana hoja nzito. Kila mlango ukifungwa nadharia inasogea mbele kidogo, halafu ukishuka chini ya mikromita moja nguvu ya Casimir, mvutano wa kikwanta unaotokea vitu viwili vikikaribiana mno, inafunika kila kitu, huko unachoweza kukataa ni nguvu mpya inayoizidi graviti mara mamilioni. Hiyo kwangu sio tena kuipima graviti yenyewe.

Ila kati ya mikromita 52 na hiyo moja bado kuna nafasi ya kweli, na miaka iliyotumika haikupotea hata kidogo. Nishati ya giza, ile inayofanya ulimwengu uzidi kutanuka kwa kasi, ukiigeuza kuwa urefu unapata karibu mikromita 85, kwa hiyo ilikuwa lazima mtu aende akaangalie pale, na sasa tunajua.

Mimi naona tuendelee, lakini pesa isiende yote kwenye kusogeza sahani karibu. Kule Vienna mwaka 2021 watafiti walipima mvutano wa vigololi viwili vya dhahabu, kila kimoja kama miligramu 90, usiku jiji likiwa limetulia. Wao wanapunguza uzito wa kinachovuta, wanaelekea pale graviti inapokutana na kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu, na hiyo njia bado mbichi kabisa.