"Itafanyiwa kazi"

Kila Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ikishawasilishwa bungeni, baraza letu hapa Ngamiani, Tanga, huwa halilali. Wazee wakitoka msikitini baada ya alasiri wanakaa, kahawa inazunguka, mabilioni yanatajwa. Safari hii mzee mmoja anayenijua tangu nikitambaa aliniuliza mbele ya wote: "Mwanangu, si wewe ulikuwa mkaguzi huko chuo kikuu? Mbona nyinyi mliokuwa ndani hamkuyaona haya mpaka CAG aje?"

Swali lile liliniuma kwa sababu ni la haki. Nilifanya kazi miaka kumi na miwili kwenye kitengo cha ukaguzi wa ndani cha chuo kikuu kimoja cha umma. Mengi tuliyaona, tukayaandika, tukayapeleka kunakohusika. Yalikwama baada ya hapo, na pale yanapokwama ndipo watu wachache sana hupatazama.

CAG anatoka nje ya chuo. Mamlaka yake yako kwenye ibara ya 143 ya Katiba, na anakagua hesabu za mwaka mzima zikishafungwa tarehe 30 Juni. Ripoti humfikia Rais kufikia mwisho wa Machi unaofuata, kisha inakwenda bungeni. Hesabu mwenyewe: fedha iliyotumika vibaya Julai 2023 inasomwa hadharani Aprili 2025. Miezi 21. Aliyeidhinisha malipo pengine keshahama, na mkandarasi keshafunga ofisi.

Mkaguzi wa ndani yupo palepale. Ni mwajiriwa wa chuo, anakula kantini moja na mhasibu na afisa ugavi, na anatakiwa alione shimo kabla mtu hajatumbukia. Kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai, kitengo huandaa mpango wa kazi kwa kuangalia vihatarishi: ada inaingia wapi, manunuzi makubwa ni yapi, nani ana uwezo wa kubadilisha alama kwenye mfumo wa matokeo, masurufu (fedha za kazi alizotangulizwa mtumishi) ya nani hayajarejeshwa. Baada ya hapo kuna kikao cha kufungua ukaguzi, kuchukua sampuli, kupekua vocha na kwenda kuona kwa macho. Hoja, yaani kasoro zilizoonekana, zinapelekwa kwa mkuu wa idara ili ajibu, na ripoti inatoka kila robo mwaka.

Ripoti hiyo ina milango miwili. Kiutawala mkaguzi yuko chini ya Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye Afisa Masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za chuo. Kikazi anawajibika kwa Kamati ya Ukaguzi ya Baraza la Chuo. Mlango huu wa pili umewekwa kwa sababu mtu hawezi kumkagua kwa uhuru yule anayemsainia likizo.

Nitoe mfano mmoja. Mwaka mmoja tulikagua posho za walimu wanaosimamia wanafunzi walioko fildi, yaani kwenye mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wetu walikuwa wametawanyika nchi nzima, wengine hapa hapa Tanga: bandarini, mashamba ya mkonge, ofisi za halmashauri. Kwenye makaratasi kila kitu kilikuwa safi. Msimamizi kalipwa siku kumi, ripoti ya safari ipo, saini zipo. Nikachukua orodha ya wanafunzi nikaanza kuwapigia simu mmoja mmoja. Binti mmoja aliyekuwa Korogwe aliniambia msimamizi alimpigia simu dakika tano, akamuuliza anaendeleaje, basi. Mwingine alionwa kweli, ila wanafunzi wote wa mkoa mzima walizungukiwa kwa siku mbili.

Hapa ndipo mkaguzi mzuri na mkaguzi anayejali karatasi tu wanapoachana. Njia nyepesi ni kuandika "fedha zirejeshwe" na kufunga jalada. Lakini hoja iliyokamilika hutaja kigezo, hali halisi, chanzo, athari na pendekezo, na kati ya hivyo chanzo ndicho chenye kazi. Tulipochimba tukakuta posho inalipwa kwa idadi ya siku zilizokuwa kwenye bajeti, kabla hata ratiba ya ziara haijapangwa, na hakuna fomu yoyote ambayo ofisi inayompokea mwanafunzi inagonga muhuri kuthibitisha kwamba msimamizi alifika. Hata mwalimu mwaminifu alikuwa hana pa kuonyesha uaminifu wake. Tukapendekeza fomu ya ukurasa mmoja, na malipo yafuate ratiba.

Jibu la menejimenti likaja: "Hoja imepokelewa, itafanyiwa kazi."

Robo iliyofuata tukafuatilia. "Itafanyiwa kazi." Robo ya tatu, maneno yaleyale, sahihi ileile. Fomu ya ukurasa mmoja! Nilipohama, hoja ile ilikuwa bado wazi, na ninaamini kuna mwanafunzi fulani aliyemaliza fildi yake bila mwalimu kumwona hata mara moja, huku mzazi wake akiwa ameuza machungwa ya msimu mzima kule Muheza ili alipe ada.

Kwa hiyo nilimjibu mzee, na nalirudia hapa: ukaguzi wa ndani haufi kwa kukosa wakaguzi wenye macho. Unakufa kwenye kikao cha kamati, pale wajumbe wanapokubali neno "itafanyiwa kazi" kama jibu. Kamati ikatae neno hilo. Iulize nani atafanya, lini, na ushahidi gani utaletwa, na hoja isifungwe mpaka mkaguzi mwenyewe aseme ameuona. Hoja ikirudi mara ya pili bila sababu, aliyeahidi aitwe ajieleze mwenyewe, asitume msaidizi.

Na walau mara moja kwa mwaka kamati ikae na mkuu wa ukaguzi peke yake, menejimenti ikiwa nje. Wapo wanaoona hilo ni kuchonganisha. Sikubaliani nao kabisa. Viwango vipya vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani, vilivyoanza kutumika Januari 2025, vimeweka wazi kuwa chombo cha juu cha taasisi kina wajibu wake katika kulinda uhuru wa mkaguzi. Bajeti ya kitengo na hatma ya mkuu wake ziamuliwe huko juu. Nimeona mkaguzi akinyimwa gari la kwenda kukagua jengo ambalo aliyemnyima ndiye msimamizi wake.

Nayasema haya sasa kwa sababu jambo limefika mlangoni kwetu. Chuo Kikuu Mzumbe kinajenga kampasi kule Mkinga kwa fedha za mradi wa HEET, ambao ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu nchini. Watoto wa Tanga watasoma karibu na nyumbani, na mimi nimefurahi kama wengine. Ningependa wakaguzi wa ndani wawepo tangu nondo zinahesabiwa, si wasubiri funguo zikabidhiwe. Mzee wangu ana mjukuu anayemaliza kidato cha sita mwakani. Ameshaniambia akichaguliwa huko Mkinga, atakuja kuniuliza kuhusu hiyo fomu ya muhuri.