Bageti Moja, Watu Watatu

Kwanza ijulikane kwamba mimi sikutaka kusomea sudire, yaani kuchomelea chuma. Huku Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, watu wanasema nilijipeleka mwenyewe. Uongo! Aliyenipeleka ni mama watoto. Nilikuwa nimekaa zangu chini ya mwembe, nasikiliza redio, sijamkosea mtu. Akatoka na karai la unga kichwani, akanitazama vile mtu anavyotazama godoro la kutupa.

"Baba Ilunga, weye utaikala hapa mpaka lini? Kwa shefu wa kartie banaandika majina ya fomasyo." Shefu wa kartie ni mkuu wa mtaa, na fomasyo ni mafunzo ya kazi.

Nina miaka 47. Nimekulia Lubumbashi, na katika mji huu neno kazi lilikuwa na maana moja tu: king'ora kinalia alfajiri, baba anabeba chakula chake, mwisho wa mwezi mshahara unaingia na posho ya unga juu yake. Wazee walisema kazi njo baba, kazi njo mama, yaani kazi ndiyo mzazi wako. Halafu mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 wakatoka Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Mjomba wangu alichukua hela zake akanunua minibasi. Ilitembea miezi minne. Tangu mwezi wa tano mpaka leo ni banda la kuku, na kuku wenyewe hawalipi nauli.

Nikaenda kwa shefu. Kijana wa mezani akanipa karatasi ya kujaza, na mstari wa tatu unauliza: uzoefu wa kazi, miaka mingapi? Nikamuuliza, mwanangu, kama ningekuwa na uzoefu, hapa ningefuata nini? Akasema, "Papa, ujaze tu." Nikajaza. Wakataka na imeli. Sina, nikaandika ya binti yangu wa shule. Tangu siku hiyo habari zangu zote zinafika kwa binti, anampelekea mama yake, mimi napata baki.

Nilidhani tutaanza na chuma. Thubutu! Wiki mbili nzima tulikuwa tunaandika CV na barua ya motivasyo, ile ya kuomba kazi. Kuna sehemu wanakuuliza udhaifu wako. Nikaandika ukweli: bukari, yaani ugali, ikiwa ya moto na samaki thomson, siamki mezani. Mwalimu akafuta kwa kalamu nyekundu, akasema niandike "ninajituma kupita kiasi". Mama watoto aliposomewa sehemu hiyo alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki ya tatu ndipo tukaona mashine. Mashine moja, watu 32. Umeme ukija saa nne, unaondoka saa sita, piga hesabu mwenyewe kila mtu anapata dakika ngapi. Zile fimbo za kuchomelea wenyewe wanaziita bageti, jina la mkate mrefu, na kweli ziligawiwa kama mkate wa njaa: bageti moja, watu watatu. Wa kwanza anajifunza kuwasha, wa pili anaichoma, wa tatu anapewa kipande cha urefu wa kidole, anaambiwa aonyeshe ufundi. Mimi jina langu liko mwisho wa orodha. Mwalimu alisema mshono mzuri wa sudire unapangana kama magamba ya samaki. Wangu ulikuwa kama pale kuku wa mjomba walipolala.

Na maski ya kukinga macho? Moja pia. Sisi wengine tuliambiwa tusitazame moto. Sasa mtu amekuja kujifunza, asitazame, ajifunze kwa pua? Nilitazama. Usiku macho yakawa kama yamemwagiwa mchanga, machozi yanatiririka, nalia bila msiba. Mama watoto akanibandika vipande vya viazi machoni. Akasema nisivitupe.

Siku ya breve, yaani cheti, kulikuwa na Fanta, biskuti na picha. Kwenye picha mimi ni ule mkono ulioshika bango.

Sasa sikilizeni kinachonikera. Zamani avenyu yetu ilikuwa na mchomeleaji mmoja, anapata mageti mawili kwa mwezi na kulalamika. Leo tuko saba, sote na breve, kila mmoja anasubiri mwenzake aagize geti. Mwaka juzi fomasyo ilikuwa ya kushona, na mpaka leo kila nyumba ina cherehani iliyofunikwa kitambaa, juu yake televisheni. Mimi natafuta fundi wa friji mwaka mzima huu, hayupo! Hakuna aliyepita kuuliza kartie inakosa nini.

Nikapeleka breve kwa wanaofanya kazi za sutretansi migodini, yaani kazi ambazo kampuni kubwa inazitoa kwa kampuni nyingine. Tangu 2017 kuna sheria kwamba kazi hizo ni za kampuni za Wakongomani. Safi kabisa. Mimi Mkongomani, ila kampuni sina. Mlinzi aliisoma breve yangu mbele na nyuma, akaniuliza uzoefu ni miaka mingapi. Nikakumbuka yule kijana: ningejaza tu.

Aliyefaidika na fomasyo ile ni mtu mmoja, na jina lake halikuandikwa kwa shefu. Kila saa nne mama watoto alifika getini na beseni la vitumbua. Watu 32 wenye njaa, walimu juu yake, na umeme ukiondoka wanakula zaidi. Mimi mwenyewe nililipa! Sasa ana sehemu mbili, na msichana wa kumsaidia.

Jumamosi mguu wa mbabula yake, jiko la makaa, ulikatika. Akaja chini ya mwembe akasema, "Fundi." Nikageuka nimwone huyo fundi. Akauliza bei, nikataja. Akasema yule wa pembeni anafanya kwa nusu. Tukapatana nusu, tena kwa deni mpaka mwisho wa mwezi. Nikaazima mashine, nikachomelea, maski nikavaa. Mbabula inasimama, ila imeinama kidogo kuelekea lile bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba, na mafuta yote ya karai yanakimbilia upande huo. Ameniambia yakimwagika atayakata kwenye hela yangu.