Aliyenusurika ni Gunia

Mazoezi yalikuwa Dunga, Kisumu, kwenye kiwanja cha nyasi kando ya ziwa. Tulikuwa walinzi wapya kumi na wanne. Sheria ya mwaka 2016 inataka mlinzi wa kampuni afunzwe, basi kampuni ikatuletea afande mstaafu, mwenye kitambi cha heshima na sauti ya kuamsha maiti. Mimi nikapewa cheo cha mwizi. Afande alinitazama mara moja tu, akasema, "Wewe una sura inayofaa."

Asubuhi ilienda vizuri. Tulifunzwa kwamba rungu hupigwa pajani, penye nyama, kamwe si kichwani. Tukafunzwa kuwa pingu zina kufuli mbili: ya kwanza hushika mkono, ya pili unaibonyeza kwa ncha ya ufunguo ili zisizidi kukaza. "Ukisahau hiyo ya pili," afande akasema, "mtu akijitikisa zinambana mpaka vidole vinakuwa bilinganya."

Kisha kopo la pilipili ya kupuliza. Aling'oa nyasi, akazirusha juu, zikaelekea ziwani. "Mmeona? Upepo kwanza, kopo baadaye." Tukaandika.

Ila kabla ya kopo kulikuwa na samaki, ngege wa kukaanga na ugali, saa nzima na ushee. Mtoto yeyote wa Dunga atakwambia: asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na jua likishachoma ardhi unageuka, unatoka ziwani kuja kwetu. Afande hakuwa mtoto wa Dunga.

Saa tisa nikafungwa pingu, mikono nyuma, nikasimamishwa hatua mbili nyuma yake kama mwizi aliyekwisha kamatwa. Mwizi wa pili alikuwa gunia la nyasi lililoning'inizwa mtini, ziwa likiwa mgongoni mwake. Makopo ya mazoezi yenye maji matupu yapo duniani. Afande alisema ni ya waoga. "Lala chini!" akanguruma. Gunia likakataa. Akabonyeza.

Lilitoka wingu, likafika nusu ya njia, likasita kama mtu aliyekumbuka kasahau simu nyumbani, likarudi.

Kama umewahi kukata pilipili ukajisahau ukagusa jicho, ulionja tu. Wenzangu walijifikicha macho, kosa tulilokatazwa asubuhi. Mimi hata kosa hilo sikuliweza. "Afande, ufunguo!" nikalia. "Ninao!" Akautoa mfukoni, akapiga chafya moja ya mstaafu, ukarukia nyasini. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kufuli ya pili hakuibonyeza. Kila nikikohoa, pingu nazo: krr.

Aliyeniokoa ni mama wa samaki. "Nyathina, mwanangu, inama!" Akaniosha uso kwa sabuni ya sufuria na ndoo nzima, maana pilipili ile ni mafuta, maji matupu yanaiteleza tu. Alipomaliza akaniuliza kwa upole, "Kwani uliiba nini?"

Bahati, pingu nyingi hufunguka kwa ufunguo wa aina moja, na rafiki wa afande alikuwa nao Kondele. Tukapanda boda mshikaki: dereva, mimi katikati, na mwenzangu mwenye sare nyuma, kanishika mkanda. Tulipoingia Nyalenda mtu akapaza sauti kwamba nimeiba kuku. Hatua hamsini mbele nilikuwa tayari nimeiba ng'ombe.

Na pale kwa kinyozi, shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja, alikaa landilodi wangu. Nilikuwa na deni lake la miezi miwili.

"Jaduong', mzee wangu, ni mazoezi tu!" nikapiga kelele, machozi yakinitiririka.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayezika.

Saa moja usiku nilifika nyumbani, mikono huru, macho mekundu kama nyanya. Godoro langu lilikuwa nje, jiko juu yake, na mlangoni kufuli mpya kubwa kama ngumi. Landilodi alisimama kando yake, bado kanyolewa upande mmoja. Hakungoja hata kinyozi amalize.

"Nilijua utakaa ndani miaka saba," akasema. "Sasa mimi ningemdai nani?"

"Jaduong', nifungulie. Nimechoka."

Akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa mfuko wa suruali, wa kulia, wa kushoto. Kisha akainama, akaanza kutazama nyasi.