Mafua ya watoto: abaki nyumbani au aende shule tu?

Mvua zikianza Kampala hata kabla matope hayajakolea barabarani, magrupu ya wazazi kwenye WhatsApp yanawaka. Mwalimu mkuu anatuma ujumbe kwamba mtoto yeyote mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani mpaka apone kabisa, mama mmoja anajibu asante sana mwalimu manake wangu kila akipona anaambukizwa tena, na baba mwingine naye anaingia na hasira zake, kwani mimi nimelipa fizi za shule ili mtoto akae kwa muzigo, hiki chumba kimoja cha kupanga, wiki mbili anaangalia ukuta? Basi hapo kunakucha. Ukisoma hayo mabishano vizuri utaona pande zote mbili zina hoja ya kweli, ila zinagombania kamasi, na kamasi kwa maoni yangu sio mahali pa kuchora mstari.

Ugonjwa wenyewe kwanza. Sisi tunaita mafua kila kitu kinachotoka puani, lakini ndani yake kuna virusi vya aina nyingi sana. Kuna vile vidogo vinavyoleta chafya na pua kuziba na mtoto bado anacheza mpira, alafu kuna influenza yenyewe, A na B, hiyo inamwangusha mtoto ghafla, asubuhi mzima na jioni homa kali, kichwa, mwili wote unauma, hataki hata kula. Kuna na RSV ambayo kwa mkubwa ni mafua tu ya kawaida lakini kwa kichanga wa miezi mitatu inaweza kumfikisha kwenye oksijeni. Hatuna winta hapa, kwa hivo watu wanadhani flu ni mambo ya Ulaya. Wapi. Pale Entebbe kuna taasisi ya utafiti wa virusi, UVRI, ilianza 1936 kwa ajili ya homa ya manjano na leo ndio kituo cha taifa cha influenza, wanapima sampuli zinazotoka hospitali mbalimbali, na kinachoonekana ni kwamba virusi hivi huku kwetu viko mwaka mzima alafu vinapanda zaidi karibu na misimu ya mvua. Sio kwamba matone ya mvua yana mdudu. Mvua inatuingiza ndani, tunafunga madirisha, watoto wanabanana darasani na kwenye taksi, na mmoja akikohoa hewa ile ile wanaivuta wote.

Sasa wale wanaosema mtoto abaki nyumbani. Mtoto mdogo anatoa virusi vingi na kwa siku nyingi kuliko mtu mzima, na hajui kukoholea kwenye kiwiko hata umfundishe vipi. Nasari ndio balaa kabisa, kikombe kimoja kinazunguka, penseli inatoka mdomo huu inaingia mdomo ule. Na darasani sio wote wana kinga sawa. Kuna mtoto wa sikoseli, na Uganda hao ni wengi, kuna wa pumu, kuna anayekunywa ARV na wenzake hawajui. Kwao hii kitu unayoita mafua tu inaweza kushuka kifuani ikawa nimonia. Alafu mtoto akitoka shule anapeleka nyumbani, na nyumbani kuna kichanga na kuna jajja, yani bibi, wa miaka sabini. Kwa hivo yule mama anayeshukuru mwalimu ana haki, na sio kwamba analea mtoto kama yai.

Tena nchi yetu homa ina historia yake. 2022 Ebola ilipoanzia Mubende ikafika mpaka Kampala, wizara ya elimu ililazimika kufunga muhula wa tatu wiki mbili mapema. Mwalimu aliyepitia kipindi kile akiona mtoto ana joto anashtuka, na mimi simlaumu.

Upande wa pili nao lakini hausemi upuuzi. Influenza inaanza kuambukiza karibu siku moja kabla mtoto hajaonyesha dalili yoyote, yani unapomwona anatetemeka leo na kumrudisha nyumbani, jana tayari alishakaa na wenzake kwenye benchi. Na ukipiga hesabu ndio utachoka: mtoto mdogo kupata mafua mara sita mpaka nane kwa mwaka ni kawaida kabisa, sio ugonjwa wa ajabu. Ukisema kila mara akae nyumbani wiki moja, hizo ni wiki sita mpaka nane, yani mwezi mmoja na nusu mpaka karibu miwili ya masomo imekwenda kwa sababu ya pua. Na kikohozi kinaweza kubaki wiki mbili na zaidi hata virusi vimeshaisha, sasa hapo "mpaka apone kabisa" ni lini?

Alafu nani atakaa naye? Hili ndilo swali ambalo wenye kuandika hizo ujumbe hawaliulizi. Mama anauza nyanya Kalerwe au anashona Owino, siku asiyoenda hakuna pesa, hakuna likizo ya ugonjwa wa mtoto sokoni. Kwa hivo mtoto ama anaenda naye sokoni na kuketi chini ya meza akikohoa kwenye watu wengi kuliko wa darasani, ama anaachwa na dada yake wa P.6, yani darasa la sita, na sasa watoto wawili wamekosa shule badala ya mmoja. Kuna na wale ambao uji na posho (ugali) ya shule ndio chakula chao cha uhakika cha mchana. Ukimrudisha huyo nyumbani umemnyima dawa mojawapo.

Na tusisahau tulikotoka. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga muda mrefu vile, karibu wanafunzi milioni 15 waliguswa. Kuna wasichana waliorudi na watoto mgongoni na wengine hawakurudi kabisa. Mzazi aliyeona hayo akisikia neno "abaki nyumbani" moyo unaruka, hata kama ni siku tatu tu.

Mimi kwa upande wangu nasema hivi: mstari uwe homa na kupumua, sio kamasi. Mtoto mwenye pua inayotiririka lakini hana joto, anakula, anacheza, aende shule na kitambaa chake mfukoni. Mtoto mwenye homa abaki, na arudi pale amekaa saa 24 nzima bila homa na bila kupewa Panadol. Hiyo ya Panadol naisisitiza kwa sababu sote tunajua mchezo unaochezwa. Saa kumi na moja alfajiri mtoto anachemka, anapewa dawa, saa moja getini amepoa, mwalimu wa zamu anamgusa paji anasema ingia, saa tano dawa imeisha na amelala juu ya dawati.

Watu wanamtukana sana huyo mzazi. Mi nauliza, shule imemwekea nafasi gani ya kusema ukweli? Mtoto akikosa mtihani wa katikati ya muhula anaandikiwa sifuri au alama X. Pesa ya chakula harudishiwi. Kazi za darasani hakuna anayemtumia, ingawa grupu la WhatsApp lipo na kila siku linatumika kukumbusha fizi. Akirudi anachapwa maswali mbele ya darasa kwa kutokumaliza noti. Katika mazingira hayo kusema mtoto wangu ana homa ni kujitia hasara, kwa hivo watu wanaficha, na wakificha ugonjwa unaenea. Shule inayotaka watoto wagonjwa wakae nyumbani nayo ibebe sehemu ya gharama: picha ya noti ubaoni itumwe jioni, mtihani aufanye akirudi. Hakuna pesa kubwa hapo, ni utu tu na mwalimu kupewa airtime.

Bodingi ni habari nyingine kabisa. Huwezi kumwambia mtoto wa bodingi abaki nyumbani, nyumbani kwake ni Arua na yeye yuko Mukono. Kumpakia kwenye basi na homa ni kumtesa yeye na kuwagawia abiria wote, na kumbakiza kwenye bweni la vitanda vya ghorofa tatu ambalo madirisha yanafungwa usiku kwa kuogopa wezi, hapo ndani ya wiki bweni zima linakohoa kwa zamu. Hapa sioni njia zaidi ya chumba cha wagonjwa cha kweli, chenye vitanda vya kutosha na nesi anayelala pale pale, sio ile stoo yenye godoro moja na ndoo. Na mzazi apigiwe simu siku ile ile. Malalamiko mengi ninayosikia ya wazazi wa bodingi hayahusu mtoto kuugua, watoto wanaugua, yanahusu kuambiwa siku ya visitation, wazazi wanapokuja kutembelea, kwamba ooh kumbe alikuwa amelala wiki iliyopita.

Kuhusu madirisha, watu wanalidharau lakini ndio lina maana kubwa kuliko hata sabuni kwa magonjwa ya hewani. Shule nyingi za UPE, yani za msingi za serikali, zina watoto themanini, mia, kwenye chumba kimoja, na hakuna mwalimu atakayewapunguza kesho. Anachoweza ni kufungua. Wapinzani watasema mvua inaingia, vumbi la murram linaingia, na ni kweli, vumbi lenyewe linawashika wenye pumu. Basi fungua upande usio na barabara, fungua wakati wa mapumziko, fungua ule mlango. Matanki ya kunawia tuliyoyaweka kwa kishindo 2022 mengi leo ni makavu, bomba limeng'olewa, kujaza tena ni jerikani chache tu za maji.

Sasa dawa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Influenza na mafua ni virusi, amoksilini haiviui, Septrin haiviui, na zile kapsuli za rangi mbili unazopimiwa nne nne kwenye duka la dawa kona ya mtaa haziviui. Tunapoteza pesa na tunazoesha vijidudu dawa ambazo siku mtoto ana nimonia ya bakteria zitakataa. Lakini mama anayenunua sio mjinga. Ameona mtoto wa jirani alianza na mafua hivi hivi akafa na kifua, na nimonia kweli inaua watoto wadogo nchi hii, kwa hivo anajikinga na anachoweza kukifikia. Dawa ya hofu yake ni kumwonyesha tofauti. Wale VHT, wahudumu wa afya wa kujitolea wa vijijini, wanafundishwa kuhesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, dakika moja nzima: kuanzia miezi miwili mpaka mwaka, pumzi 50 au zaidi ni hatari, mwaka mmoja mpaka mitano ni 40 au zaidi. Ukiona hivo, au kifua kinabonyea ndani kila akivuta hewa, au hawezi kunyonya wala kunywa, huo sio wakati wa tangawizi, panda boda nenda kituo cha afya. Simu yako ina saa, kila mzazi anaweza kuhesabu.

Na homa yoyote Uganda ipimwe malaria, usikisie, kipimo ni dakika chache. Kikohozi kikipita wiki mbili muulize mhudumu kuhusu TB. Tangawizi na limau sina ugomvi nazo, zinatuliza koo, asali pia ila sio kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kujifukiza ndio naogopa, sufuria ya maji yanayochemka na mtoto wa miaka mitatu chini ya blanketi moja ni ajali inayosubiri. Aspirini usimpe mtoto mwenye flu kabisa. Na moshi wa mkaa ndani ya chumba anacholala unamuumiza kifua kila siku bila hata virusi, jiko litoke nje.

Chanjo ya flu ipo, ila haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto wetu, ukiitaka ni hospitali za binafsi na unalipa mfukoni, tena inabadilishwa mara kwa mara kwa sababu virusi vinabadilika. Kwa mtoto wa sikoseli au pumu kali nadhani mwenye uwezo aizungumzie na daktari wake. Kwa nchi nzima sina uhakika kama shilingi ya kwanza iende huko wakati ile chanjo ya nimonia ya PCV tuliyonayo bure tangu 2013 kuna watoto bado hawamalizi dozi zake.

Linanibaki jambo moja. Muhula wa tatu mvua za mwisho wa mwaka zinakutana na mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, na PLE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ni siku mbili tu kwa mwaka, haimsubiri mtu. Mtoto wa P.7 mwenye homa siku hiyo atakuja, na hata mimi ningemleta. Tumeshaona kwenye habari watahiniwa wakiandika mtihani wa taifa kutoka kitanda cha hospitali, msimamizi ameketi pembeni na bahasha. Sasa kama baraza zima la mitihani linaweza kumpangia hivo mtoto mmoja, ile shule inayomwandikia sifuri mtoto wa P.3 kwa sababu alikuwa na flu siku ya jaribio la hesabu inashindwa na nini hasa?